Tembo wa Tabora mbele ya mizani

Ukioneshwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mwaka 1916, ukaikuta imenyooka kila herufi, uso laini kama imetoka Berlin jana, anza kutia shaka. Sarafu hiyo haijawahi kuiona Berlin. Ilipigwa Tabora, katika karakana ya reli, wakati manowari za Waingereza zimeziba bahari na serikali ya Wajerumani imeishiwa fedha za kulipia watu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Anayeikagua kwa macho ya sarafu za viwanda vikubwa ataikataa ya kweli kwa sababu ina kasoro, aikumbatie ya bandia kwa sababu inapendeza.

Heri aanze na mizani ya sonara. Uzito halali ni gramu 7.168, upungufu mdogo ni uchakavu, upungufu wa nusu gramu ni kesi nyingine. Kisha aweke kikombe cha maji juu ya mizani, airudishe kwenye sifuri, aining'inize sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame bila kugusa kitako. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa dhahabu ya sehemu 750 katika 1,000, itakuwa kati ya gramu 0.45 na 0.48, kutegemea madini yaliyochanganywa nayo. Shaba ya njano ya uzito uleule hupita 0.8. Sumaku, ambayo wauzaji hupenda kuitembeza mbele ya mteja, haithibitishi kitu: haivuti dhahabu, na shaba haiivuti pia.

Tatizo ni mghushi anayetumia dhahabu halali. Huyo hula kwenye uhaba wa sarafu, si kwenye madini, na maji hayamkamati. Hapo kioo cha kukuzia kinahitajika. Zinajulikana aina mbili: ncha ya pambo lililo upande wa tai huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A. Ikiishia kwingine, rudisha. Sarafu iliyosubiwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo, herufi zenye miguu ya mviringo, na pengine mshono ukingoni uliopigwa tupa. Ukikuta sarafu mbili zina mkwaruzo uleule mahali palepale, zote zimezaliwa na mama mmoja wa bandia, maana mikwaruzo ya mfukoni haijirudii.

Kupanga daraja ndiko kugumu zaidi. Kipimo cha 1 hadi 70 alikibuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kwao. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikutumika. Lakini tembo wa Tabora anaweza kuwa na ubavu bapa bila kupita mkononi mwa mtu yeyote: mtambo haukukandamiza vya kutosha. Igeuzegeuze chini ya taa ya pembeni. Kama mng'aro unapita juu ya ubavu ule bila kukatika, chapa ilikuwa dhaifu. Ukikatika hapo na kubaki kwenye mabonde tu, ni uchakavu, na daraja linashuka.

Michirizi ya kusugulia na kovu la lehemu ukingoni, lililoachwa na kidani, huiondolea sarafu hata namba yenyewe: makampuni ya kupanga daraja huitambua kuwa halali, yakataja dosari bila kutoa namba.

Kwa kujifunza, nunua kwanza sarafu za hela 20 za 1916. Nazo ni za Tabora, ni za shaba au shaba ya njano, zilipigwa kwa wingi mno na bei yake inahimilika. Chukua chache zenye chapa dhaifu na chache zilizochakaa, uzilaze pamoja chini ya taa ileile.