Mashine Iliyojikereza

Kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu 7 vya David Gingery hakifundishi kutengeneza mashine hata moja. Kinaanza na ndoo. Unachukua ndoo ya bati, unaikandika ndani kwa mchanganyiko wa mchanga na udongo unaohimili moto, unatoboa tundu ubavuni pa kupitishia hewa, unaiacha ikauke taratibu, kisha unaiwashia moto mdogo mpaka unyevu wote uishe. Hapo una tanuri. Mkaa ndio kuni zake na feni ndogo ya umeme ndiyo mivukuto yake. Gingery aliishi Springfield, katika jimbo la Missouri huko Marekani, na vitabu hivi vilianza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliwaandikia watu wenye gereji nyuma ya nyumba na mshahara wa kawaida, wanaotamani karakana ya chuma wasiyo na fedha ya kuinunua. Ahadi yake ilikuwa hii: anza na ndoo na alumini chakavu, na ukifika mwisho utakuwa na kerezo, mashine ya kupiga randa chuma, mashine ya kukata kwa meno yanayozunguka, mashine ya kutoboa, kifaa cha kugawanya duara na mashine ya kukunja bati, vyote vya mkono wako.

Ile mashine ya kutoboa, ambayo wengi wetu tungeinunua kabla ya kitu kingine chochote, aliiweka kwenye kitabu cha tano. Cha pili, mara tu baada ya ndoo, ni cha kerezo: mashine inayozungusha kipande cha chuma mbele ya kisu kilichofungwa imara.

Msomaji wa huku kwetu huenda akatabasamu. Kuyeyusha alumini kwa mkaa si habari. Katika miji yetu mingi wapo mafundi wanaotia pistoni na mabloku ya injini motoni na kutoa sufuria nzito na miiko, huku kijana akizungusha gurudumu la baiskeli linaloendesha feni. Mafundi hao wana wepesi wa mkono ambao mtu wa gereji ya Missouri hataufikia hata akijaribu kila Jumamosi kwa miaka. Lakini wao wana mteja, na mteja ana haraka. Gingery alimwandikia mtu asiyesubiriwa na yeyote, na nadhani ndiyo sababu vitabu vyake vinakaa mahali ambapo fundi wa kuuza hana nafasi ya kukaa: katika kile kinachofanyika baada ya chuma kupoa.

Tukifuate kitanda cha kerezo lake, yaani msingi unaobeba sehemu nyingine zote, tangu kikiwa mbao.

Kila kipande cha mashine huchongwa kwanza kwa mbao, tena kikubwa kidogo kuliko kinavyotakiwa, kwa sababu alumini ikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1.3. Kwenye kipande cha sentimita 30 hiyo ni karibu milimita 4, na anayeisahau atapata kipande kisichoingia mahali pake. Modeli hiyo ya mbao huzikwa mchangani, kisha huchomolewa na kuacha shimo la umbo lake, ndiyo kalibu, ambamo metali itamiminwa. Pande zake hazisimami wima kabisa. Huinamishwa kidogo mno, nyuzi 1 au 2, ili mbao ichomoke mchangani bila kubomoa kuta. Ukiiona modeli mezani huutambui mwinamo huo. Pembe hupigwa msasa mpaka ziwe za mviringo, na mbao yote hupakwa vanishi, maana kila mkwaruzo uliobaki juu yake utajitokeza kwenye metali.

Mchanga nao una adabu zake. Unatakiwa mchanga laini uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi na maji machache sana, kiasi kwamba ukiushika unahisi ubaridi tu. Kipimo chake ni ngumi. Ufumbate, fungua kiganja, na bonge libaki limebeba alama za vidole vyako. Kisha livunje katikati, nalo likatike kwa ukingo mkali bila kumomonyoka. Ukiwa mkavu, kuta za kalibu zitaporomoka unapochomoa mbao. Ukiwa na maji mengi, balaa ni kubwa zaidi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na maji yakikutana na joto hilo hugeuka mvuke ghafla: yakiwa kidogo yanakijaza kipande chako mapovu, yakiwa mengi yanakurushia metali usoni. Ndiyo maana mwenye akili hamimini juu ya sakafu ya saruji. Saruji huficha unyevu, na ikimwagikiwa na metali ya moto hupasuka na kuruka vipande. Kalibu hukaa juu ya mchanga mkavu, na mtu huvaa viatu vya ngozi, suruali ndefu na kinga ya uso.

Hata chakavu si chakavu tu. Makopo ya soda yanavutia kwa wingi wake, na ni mabaya kuliko yote: ni membamba, yana rangi na vanishi, na sehemu kubwa yake huishia kuwa takataka zinazoelea juu ya chungu. Fremu za madirisha huyeyuka vizuri lakini ni nzito kujaza kona. Zinazofaa ni pistoni na maganda ya injini na giaboksi, kwa kuwa aloi yake ilichaguliwa tangu kiwandani kwa ajili ya kusubiwa. Ina silikoni, nayo huiwezesha kutiririka mpaka kwenye pembe nyembamba. Kerezo la gereji, kwa hiyo, mara nyingi ni gari lililostaafu.

Metali ikipoa, kalibu huvunjwa na kitanda hutoka kikiwa cheusi kwa mchanga ulioungua. Hapa ndipo mgeni wa kazi hii hufurahi mapema. Alichonacho kina umbo la kitanda, lakini uso wake una vijipele na umepinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Juu ya uso huo itafungwa mikanda ya chuma ambayo kigari kinachobeba kisu kitateleza juu yake. Kitanda kikiwa kimepinda, mikanda itafuata kupinda kwake, kisu kitafuata mikanda, na kila kitakachokerezwa hapo kitakuwa na kasoro hiyohiyo. Kiwanda kingekipeleka kitanda kwenye mashine kubwa ya kusawazisha. Mwenye ndoo hana mashine. Hii anayoitengeneza ndiyo ya kwanza.

Alichonacho ni kikwanguo, ambacho mara nyingi ni tupa kuukuu iliyonolewa ncha, pamoja na rangi ya buluu isiyokauka na bamba lililo bapa kweli. Bamba hupakwa rangi, ukungu mwembamba kabisa, na uso wa kitanda husuguliwa juu yake kidogo. Ukiuinua, unakuta rangi imeshika mahali pachache: pengine pembe moja na kivimbe kimoja katikati. Hivyo ndivyo vilima. Unavikwangua hivyo peke yake, kwa miguso mifupi ya mkono, ukitoa unga wa metali ambao hata kuupima ni shida. Unafuta na kurudia. Mara ya pili vilima ni vingine, kwa sababu vile vya kwanza vimeshuka na vilivyofuata vimeguswa. Unaubadilisha mwelekeo wa kukwangua ili mistari ya zamu hii ikate ile ya zamu iliyopita. Polepole alama za buluu zinaongezeka idadi na kupungua ukubwa, mpaka uso wote unakuwa na madoadoa yaliyosambaa sawasawa. Hapo kitanda kinagusa bamba kila mahali.

Sijui kazi nyingine ya mikono ambayo inakwenda kinyume cha matarajio kama hii. Katika useremala ukiongeza nguvu unaona matokeo. Hapa nguvu inaharibu, na anayekwangua vizuri anaonekana kama hafanyi lolote. Saa nzima inaweza kupita na kitanda kikabaki vilevile kwa mtazamaji, ila kwamba bamba lina habari tofauti.

Mwenye kufikiri atauliza: na lile bamba bapa lilitoka wapi? Lilisawazishwa juu ya bamba jingine, na hilo juu ya jingine. Lakini lazima palikuwa na la kwanza, ambalo halikuwa na cha kulinganishwa nacho. Jibu lake lilielezwa hadharani na Joseph Whitworth, fundi Mwingereza aliyepitia karakana ya Henry Maudslay mjini London, katika mada aliyoisoma Glasgow mwaka 1840 mbele ya chama cha wanasayansi wa Uingereza. Unahitaji mabamba 3, si 2.

Mabamba 2 yanaweza kukudanganya. Ukiyasugua na kuyakwangua mpaka yashikane kila mahali, inawezekana moja lina mgongo na jingine lina bonde linaloupokea mgongo huo. Yanapatana kabisa na yote mawili si bapa. Sasa lete la tatu, ulikwangue mpaka lipatane na lile lenye mgongo. Nalo litakuwa na bonde. Kisha yakutanishe yale mawili yenye mabonde: yatagusana kingoni tu, na katikati hapatakuwa na rangi hata tone. Siri imefichuka. Unapunguza kingo za yote mawili kwa kiasi sawa, unarudi kwenye lile la kwanza, na kuzunguka hivyo kwa jozi, ukiyageuza pia robo duara ili kupata msokoto uliojificha. Umbo ambalo linaweza kufanya kila moja kati ya matatu lipatane na mengine mawili ni moja tu, nalo ni ubapa. Hakuna rula iliyotumika, wala mashine. Whitworth alisisitiza pia kwamba kazi imalizwe kwa kukwangua na si kwa kusaga kwa unga wa msasa kama wengi walivyofanya, kwa sababu unga husambaa utakako na hula hata pale pasipohitaji kuliwa, ilhali kikwanguo huenda kinapotumwa.

Mtu anaweza kuyafanya haya mezani kwake kwa vipande 3 vya chuma cha kusubu, na wapo wanaoyafanya kwa kupenda tu, ingawa bamba la mawe lililosawazishwa tayari linapatikana dukani. Siwashangai.

Kitanda kikishakuwa bapa, mashine huanza kujisaidia. Kichwa cha kerezo, kile kinachoshika mhimili unaozunguka, lazima kiwe na tundu lililonyooka sambamba na kitanda. Ukilitoboa tundu hilo mezani kwa drili ya mkononi, litakwenda kombo. Hutobolewa kichwa kikiwa palepale kwenye mashine, kwa fimbo yenye kisu kidogo ubavuni inayofuata mstari wa kitanda chenyewe. Unyoofu uliokwanguliwa kwa mkono unahamia ndani ya tundu. Kisha mhimili unawekwa, na mkia, yaani kile kipande cha upande wa pili kinachoshikilia ncha ya kazi, unatobolewa kwa kuzungushwa na kichwa. Kichwa kimeutoboa mkia, kwa hiyo matundu yote mawili yamekaa mstari mmoja bila mtu kupima.

Niseme ukweli kuhusu kifaa kinachotoka mwishoni. Ni kidogo: kinameza kipande cha kipenyo cha inchi 7 na urefu wa inchi 12. Ni chepesi, na wepesi si sifa katika mashine ya kukata chuma. Ukikata kwa kina, kitatetemeka na kuacha mawimbi juu ya kazi. Kerezo dogo la kiwandani, hata lile la bei nafuu, lina kitanda cha chuma cha kusubu kinachomeza mtetemo vizuri zaidi, na mtu anayetaka tu kukereza skrubu za pikipiki angefanya vyema kununua hilo. Anayelijenga la Gingery anapata kitu kingine pamoja na mashine. Anajua kila uso wake ulinyooka kwa sababu gani, na ukipinda anajua aanzie wapi.

Sahani ya mbele, ile ambayo kazi hufungwa juu yake, inaonyesha jambo hilo kuliko sehemu zote. Nayo imesubiwa kwenye mchanga, na inapokazwa kwenye mhimili kwa mara ya kwanza inayumba kama gurudumu la mkokoteni. Hakuna anayeipeleka kwingine kunyooshwa. Mashine inawashwa, kisu kinaletwa taratibu mpaka kiguse upande ule unaochomoza. Kinakata, kinakosa, kinakata, kwa sauti ya kugonga inayofuata mzunguko. Kila mpito unarefusha mguso na kufupisha kimya, mpaka kisu kinakata mfululizo na sahani inang'aa kutoka ukingoni hadi katikati.

Baada ya hapo linakuja jaribio la fimbo. Fimbo nene ya chuma hufungwa kichwani peke yake, bila msaada wa mkia, na hukerezwa mahali pawili, karibu na kichwa na karibu na ncha, bila kukigusa kisu katikati ya mipito hiyo. Kipenyo hupimwa pande zote mbili kwa maikromita. Vipimo vikilingana, mhimili uko sambamba na kitanda. Vikitofautiana, hesabu inaonyesha kichwa kimeelekea wapi na kwa kiasi gani. Boliti zinalegezwa, kichwa kinageuzwa kidogo mno kuelekea upande unaotakiwa, boliti zinakazwa, na fimbo inakerezwa upya.