Mpiga Santuri na Tarumbeta la Kuazima

Mtu apulizapo zumari husemwa kwamba anapiga zumari. Akunapo nyuzi za udi husemwa kwamba anapiga udi. Lakini yule awekaye santuri juu ya gramafoni harusini tumemwita mcheza santuri, kwa kuwa muziki wenyewe umekwisha kupigwa na wengine, na kazi yake yeye ni kuchagua tu. Sasa, msomaji, wako watu wadaio kwamba gramafoni nayo yaweza kupigwa kama udi. Dai hilo ni kubwa, wala halipimwi kwa maneno matupu. Na tulipime kwa Carpal Tunnel Syndrome, iliyotolewa mwaka 2000 na kampuni ya Ninja Tune ya London. Ndiyo santuri ya kwanza ya peke yake Eric San, Mkanada ajulikanaye kwa jina la Kid Koala.

Ustadi huu ulizaliwa Bronx, katika mji wa New York, katika miaka ya 1970, pamoja na muziki wa hip hop. Yasemekana kwamba kiasi cha mwaka 1975 kijana mmoja aitwaye GrandWizzard Theodore alikuwa akipiga muziki chumbani kwake, mama yake akaja kumkemea kwa makelele. Kijana akaizuia santuri kwa mkono ili amsikilize mama. Mkono ukaisogeza mbele na nyuma, sindano ikakwaruza. Mwingine angaliisikitikia santuri yake. Yeye alisikia sauti mpya. Tangu hapo wapigaji wamejifunza kuiongoza santuri kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukifungua na kufunga sauti kwa kitufe cha kuteleza. Santuri ikienda upesi, sauti hupanda, ikicheleweshwa, hushuka. Kanuni ni hiyo, wala haina uchawi.

San alizaliwa Vancouver mwaka 1974. Utotoni alifundishwa piano, na baadaye akasomea ualimu wa watoto wadogo mjini Montreal, jambo ambalo mwalimu mwenzake hawezi kulipita bila kutabasamu. Jina alilolichagua kwa santuri yake ni la ugonjwa: mshipa wa fahamu hubanwa katika kifundo cha mkono, na vidole vikafa ganzi. Hayo ni mzaha, na pamoja na santuri alitoa kijitabu cha vibonzo alichokichora mwenyewe. Lakini mzaha wa fundi haumzuii kufanya kazi.

Kipande kinachostahili kusikilizwa kwanza, na tena, na tena, ni Drunk Trumpet, yaani tarumbeta lililolewa. Chini yake muziki unakwenda polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika kwake. Juu yake laja tarumbeta. Mpulizaji alilipuliza zamani, sauti ikanaswa katika santuri, ikabaki humo. San anaishika sauti hiyo kwa vidole na kuipinda. Inapanda ngazi, inateleza, inajishika ukutani, inaanza habari na kuisahau katikati. Sikiliza jinsi inavyoshuka: haishuki kwa hatua, kama ifanyavyo mpulizaji abonyezapo vali, bali inaporomoka, kwa kuwa ndivyo ishukavyo sauti ya santuri mkono unapoilemea. Kasoro ya ala imekuwa ulevi wa mhusika. Hapana mpulizaji aliyewahi kuupuliza wimbo ule. Kama kupiga ala si huko, basi sijui ni kupi.

Huenda ukasema: hata hivyo, tarumbeta ni la mwenyewe. Ni kweli, na haki ya mpulizaji wa kwanza isidharauliwe. Lakini wewe usomaye ushairi wajua takhmisi. Sayyid Abdallah bin Nasir alizitwaa beti za Liyongo, akazitangulizia mishororo yake mwenyewe hadi kila ubeti ukatimia mitano, na hatujamwita mwizi. Twamhukumu kwa kuuliza kama mishororo yake inasimama pamoja na ile ya kwanza au inaibebesha mzigo. Mpiga santuri naye aulizwe swali hilo hilo. Anayeirudia sauti ya mwenziwe kama alivyoikuta, bila kuitia lolote, hana jibu.

Vijana nao wana kosa lao, maana wengi husifu kasi tu. Katika mashindano ya wapiga santuri, kama yale ya DMC, mpigaji hupewa dakika chache kuwashangaza waamuzi, na mikono huruka kama cherehani. Naistahi mikono ile, lakini ukifumba macho aghalabu hubaki makelele. San ameweka ustadi wake mkubwa kabisa katika kipande cha polepole, ambamo kila kosa lingesikika. Hilo lataka moyo.

Si kazi yake yote iliyofikia kiwango hicho. Katika Barhopper ameunganisha maneno yaliyookotwa katika santuri mbalimbali, hata yakawa mazungumzo ya mwanamume anayejaribu kumpata mwanamke kwa maneno matamu. Mara ya kwanza utacheka. Mara ya tatu utangoja kiishe, kwa sababu kichekesho kikishajulikana hakuna muziki wa kutosha chini yake wa kukirudisha msikilizaji. Santuri nzima haifiki dakika 40, na bado naona ingaliweza kupunguzwa vipande vitatu au vinne bila kudhurika.

Ukiipata, anza na lile tarumbeta, bila kumwona mpigaji. Kisha tafuta katika intaneti filamu zake akilipiga mbele ya watu, uangalie ni mkono upi unaoleta ulevi, na ni upi unaofunga mlango.