Motivasio si mshahara: kusoma Deci na Ryan tukiwa Bunia

Wenzangu mliomaliza lisansi, na nyinyi finaliste ambao bado mnatafuta mada ya kazi ya mwisho, leo tuongee juu ya neno moja tu: motivasio.

Huku kwetu neno hilo lina maana yake. Ukimwambia mtu wa Bunia "nipatie motivasio kidogo", hatafikiri juu ya saikolojia, ataingiza mkono mfukoni. Ni pesa ya kumfanya mtu atende kazi ambayo kwa kawaida ilipaswa kutendwa bila kuongezewa kitu. Lakini tukienda kwenye mafunzo ya vijana, tunasikia neno lilelile likigeuzwa: motivasio ya kweli inatoka ndani, pesa inaua moyo, anza kwa kujitolea na mambo mengine yatafuata. Anayesema hivyo mara nyingi anataja wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan. Na vijana wanaandika kwenye kaye.

Mimi nasema Deci na Ryan wanasomwa vibaya. Nadharia yao ni nzuri, lakini namna tunavyoitumia huku inawasaidia wale ambao hawataki kulipa. Tuangalie pole pole.

Mwaka 1971 Deci alichapisha jaribio alilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Aliwapa mchezo wa kuunganisha vipande, mchezo unaopendeza wenyewe. Kuna kundi ambalo katika kipindi cha pili lililipwa dola 1 kwa kila fumbo walilofumbua. Kundi lingine halikulipwa. Kipindi cha tatu hakuna aliyelipwa, na Deci akaangalia nani anaendelea kucheza akiachwa peke yake kwa dakika chache. Wale waliokuwa wamelipwa walielekea kuugusa mchezo kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett wakaona jambo la kufanana kwa watoto wadogo wanaopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye walichora kidogo. Waliopewa cheti kwa ghafla, bila kuahidiwa, hawakupungukiwa na hamu.

Kutoka hapo nadharia ikakua. Kitabu cha Deci na Ryan cha 1985 kiliiweka wazi, na maandishi yao yaliyofuata yakaeleza mahitaji matatu ya msingi ya nafsi ya mtu. La kwanza ni kujiamulia, yaani kuona kwamba unachofanya umekikubali wewe mwenyewe. La pili ni kujiona unaweza, kwamba kazi yako inaleta kitu na unaendelea kukua. La tatu ni kufungamana na wengine, kujua kwamba kuna watu unaowajali na wanaokujali. Mahitaji haya yakishibishwa, mtu anafanya kazi kwa moyo. Yakinyimwa, moyo unakauka hata kama mtu bado anaonekana kazini.

Sasa angalia kitu ambacho watoa mafunzo wanaruka. Wale wanafunzi wa 1971 hawakuwa wanangojea dola ya Deci ili wale jioni. Ile dola ilikuwa kitu cha juu ya maisha, kama chumvi ya kuongeza kwenye chakula ambacho tayari kiko mezani. Jaribio liliuliza: ukimlipa mtu kwa kila hatua ya kitu anachokipenda, nini kinatokea kwa hamu yake? Halikuuliza kama mtu anaweza kufundisha miaka mitatu bila mshahara na bado apende kufundisha. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Kuchukua jibu la swali la kwanza na kulipeleka kwenye la pili, hiyo si sayansi, ni ujanja.

Hata watunzi wenyewe hawakusema pesa ni sumu. Mwaka 1999 Deci, Koestner na Ryan walikusanya matokeo ya majaribio 128. Walikuta kwamba malipo yanayoahidiwa mbele, yakifungwa kwenye kazi inayopendeza, yanapunguza hamu ya ndani. Malipo yasiyotazamiwa hayakufanya hivyo. Na maneno mazuri ya kumwonyesha mtu kwamba amefaulu yaliongeza hamu. Swali lao kubwa ni hili: malipo yanamwambia mtu nini? Yakimwambia "nimekushika, fanya ninavyotaka", yanaharibu. Yakimwambia "kazi yako tunaiona, wewe unaweza", hayaharibu vilevile.

Sasa turudi nyumbani, juu Kongo ina historia yake ya hili neno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ikiwa bado Zaire, walimu waligoma sababu mshahara wa serikali ulikuwa hauna maana tena. Ili masomo yasife, wazazi wakaanza kuwalipa walimu, na makanisa yanayosimamia shule nyingi yakaingia katika mpango huo. Pesa hiyo ikaitwa prime ya motivasio. Ilikuwa ni dawa ya dharura, lakini ikadumu karibu miaka thelathini. Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, lakini wazazi wakaendelea kulipa. Ni mwezi wa 9 mwaka 2019 tu ndipo serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kuitekeleza ile gratuité nchini kote.

Fikiri juu ya jina lenyewe. Mshahara ni deni. Mtu amefanya kazi, analipwa, imeisha. Ukiuita motivasio, umeugeuza kuwa zawadi ya kumtia mwalimu moyo, kana kwamba shida ilikuwa ni moyo wake. Serikali iliacha kulipa, na lugha ikaonyesha kidole kwa mwalimu: yeye ndiye anayekosa motivasio.

Na ukipima prime hiyo kwa yale mahitaji matatu, unaona namna ilivyoharibu. Mwalimu alikuwa anafundisha, na saa ileile analazimika kuwa mkusanya deni. Mtoto ambaye wazazi hawajalipa anarudishwa nyumbani, na wa kumrudisha ni yuleyule aliyemfundisha kusoma. Mama akikutana na mwalimu sokoni, badala ya kuulizana "mtoto anaendelea namna gani?" wanaulizana juu ya pesa, au mmoja anageukia njia nyingine. Kufungamana kumekatika. Tena mwalimu hajiamulii kitu, kwa sababu chakula cha nyumba yake kinategemea mfuko wa mzazi ambaye pengine amekimbia vita Djugu na hana hata shamba la kulima.

Gratuité iliondoa mzigo huo juu ya wazazi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ilipokuja, ilikuta walimu wengi walio darasani na hawako kwenye listi ya malipo ya serikali, wale tunaowaita nouvelles unités. Prime ya wazazi ikakatwa, mshahara haujafika. Na wengi wao ni nani? Ni sisi. Ni vijana waliotoka ISP, UNIBU, Shalom na vyuo vingine, wanaongoja matrikile. Kumwambia kijana huyo "penda kazi yako, pesa itafuata" ni kumtukana kwa sauti nzuri.

Kuna upande wa pili, na tusiufiche. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 kule Kivu ya Kaskazini na ikaingia Ituri. Mambasa na Mandima ziliumia sana. Mpaka ilipotangazwa imekwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Wako watu waliofanya kazi ile kwa ujasiri mkubwa, na wengine walikufa. Lakini pesa ya riposte ilikuwa juu sana ukilinganisha na mshahara wa kawaida wa muuguzi, na watu wakaanza kusema "Ebola business". Nafasi zikatafutwa kwa kujuana, na kijiji kikauliza: kwa nini surua na malaria vinatuua kila mwaka na hakuna gari hata moja linalokuja? Pesa ilikuwepo, lakini ujumbe wake ulikuwa mbaya. Ilisema kwamba maisha yenu yana thamani pale ugonjwa wenu unapotisha dunia. Hapa Deci na Ryan wanatusaidia kweli: malipo makubwa hayajengi moyo kama watu hawaaminiani na hawana sauti katika kazi inayofanywa kwao.

Perdiemu nayo imetufundisha tabia hiyo. Tunaalikwa kwenye semina, swali la kwanza ni "transport ni ngapi?" Simlaumu mtu mwenye njaa. Lakini tukizoea hivyo, siku moja tutakuta hatujui tena ni kazi gani tungeifanya kwa furaha yetu.

Je, nadharia yenyewe ina kasoro? Mimi naona moja kubwa, angalau kwa namna inavyofundishwa. Inatuweka tuangalie moyo wa mtu mmoja na shefu wake, tusahau wale wasioonekana: serikali isiyolipa, barabara yenye wenye silaha, mkoa ulio chini ya état de siège tangu mwezi wa 5 mwaka 2021. Wengine wanasema pia kwamba kujiamulia ni mambo ya Wazungu, sisi tunaishi kwa jamaa. Hapo sikubaliani. Deci na Ryan hawasemi ujitenge na jamaa. Baba mdogo akikulipia minervali na kukuambia usome sheria, unaweza kuikubali sheria mpaka ikawa yako, au unaweza kuibeba miaka mitano kama gunia la mtu mwingine. Tofauti hiyo mwanafunzi wa Bunia anaijua vizuri bila kufundishwa na mtu wa Rochester.

Basi tunasema nini? Kwanza, tutenganishe maneno. Mshahara tuuite mshahara, na tuudai kama deni. Asiyelipa asipewe ruhusa ya kutufundisha juu ya msukumo wa ndani. Pili, kujitolea kubaki kujitolea. Kijana anayekwenda kufundisha watoto waliohamishwa na vita pale Kigonze, amechagua mwenyewe, anajua ataanza lini na ataacha lini, huyo anajitolea. Anayefanya kazi ya kila siku ya mtu wa kulipwa, chini ya amri ya shefu, kwa ahadi ya "tutaona", huyo anatumikishwa, hata akipewa cheti. Tatu, sisi ambao kesho tutakuwa mashefu wa shule, wa vituo vya afya na wa ONG, tukumbuke kwamba mshahara ukishalipwa kazi yetu haijaisha. Hapo ndipo maswali ya Deci na Ryan yanaanza: mtu wangu ana sauti? Anakua? Kuna anayemjali?

Maswali hayo ni mazuri sana. Lakini yanaulizwa kwa mtu ambaye ameshalipwa.