Kesi ya Kuku, Ng'ombe wa Kuuza: Kupima Riwaya ya Mpelelezi Mcheshi

Mtani akitaka kumchokoza Mpare hahitaji kutafuta mbali. Atamwambia kwamba kwao mtu yu radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Utani huo umezeeka, umeizunguka nchi nzima, na hata Msangeni, kule juu Ugweno katika milima ya Upare Kaskazini, hauwezi kumkuta mtu hana jibu. Jibu lenyewe ni fupi: kinachodaiwa si kuku, ni haki.

Basi msomaji wa huko akipewa riwaya ya Alexander McCall Smith, The No. 1 Ladies' Detective Agency, iliyotoka mwaka 1998, atacheka mahali ambapo mwandishi hakutega mzaha wowote. Precious Ramotswe, mwanamke wa Botswana, anauza ng'ombe alioachiwa na marehemu baba yake, mtu aliyewahi kuchimba madini Afrika Kusini, na kwa fedha hizo anafungua ofisi ya upelelezi Gaborone, chini ya kilima cha Kgale. Ng'ombe kwa ajili ya kesi! Msomaji wa Tanga mjini atapita hapo bila kusimama. Wa Msangeni atafunga kitabu kwanza, amsomee jirani.

Ugomvi wa wasomaji huanzia hapo. Riwaya ya mpelelezi mcheshi inaahidi vitu viwili kwa mpigo, fumbo litakalofumbuliwa na kicheko, na kila msomaji huja akiwa na njaa ya kimoja zaidi ya kingine. Mwenye njaa ya fumbo hulalamika kwamba Mma Ramotswe hana maiti ya maana. Ana waume waliopotea, binti anayefuatwafuatwa na wasiwasi wa baba yake, na mzee mmoja wa uongo. Mwenye njaa ya kicheko huuliza maiti ni za nini. Wa tatu hanung'uniki wala hacheki, anashuku: mwandishi huyu, aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948 na kuishi Edinburgh, mbona Botswana yake ni njema hivi, chai kila ukurasa na adabu kila mlango? Wote watatu wamesoma kitabu kilekile, na hakuna aliyesema uongo. Ila hawapimi kitu kimoja, na anayetaka kununua, kuazima au kusifu kitabu cha namna hii ni vizuri ajue mkononi ameshika mizani ipi.

Sokoni, mama anayenunua chungu hakitazami tu. Hukigonga kwa kidole akasikiliza. Chungu chenye ufa huweza kupendeza machoni, lakini mlio wake unakisaliti. Mlio wa riwaya hii ni mzaha wake, na njia ya kuugonga ni kuung'oa: mzaha ukiondolewa, je, kesi inasimama vilevile? Ikisimama, mzaha ulikuwa pambo. Ikianguka, hapo kuna fundi.

Mfano mzuri umo ndani ya kitabu hichohicho cha Ramotswe. Mteja wake, Happy Bapetsi, amefikiwa na mzee anayejitambulisha kuwa ni baba yake aliyepotea miaka mingi, akakaribishwa, akala, akalala, akahudumiwa. Binti ameanza kuwa na shaka. Polisi wa kawaida wangetafuta vyeti na mashahidi. Mma Ramotswe anavaa sare ya muuguzi, anaingia mbio na kumwambia mzee kwamba binti yake amepata ajali, anahitaji damu, nyingi mno, na mwenye kuitoa huenda asipone. Mzee anakumbuka ghafla kwamba yeye si baba wa mtu. Msomaji anacheka, na kicheko chake ndicho hukumu. Ni hila ya Nabii Suleimani na mama wawili iliyogeuzwa upande wa vichekesho, na aliyelelewa na Biblia au na visa vya manabii ataitambua mara moja. Ukiung'oa mzaha huo, kesi haina ushahidi hata punje.

Kwa Kiswahili, sanaa hii ina mzee wake. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya magazeti na kuhariri lile la Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 hadi 1958, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Humo ndimo alimotokea Bwana Msa na kiko chake, mtu asiye polisi ambaye polisi hawamalizi kazi bila yeye. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Abdulla alifariki 1991.

Hakuna msomaji wa Sherlock Holmes asiyeona jamaa walipotoka: kiko, swahiba aitwaye Najum anayebaki nyuma kwa hatua moja, Inspekta Seif mwenye cheo lakini asiye na jibu. Wapo waliolihesabu hilo kuwa dosari, wakisema ni koti la Mwingereza lililopunguzwa mikono. Hukumu hiyo ni ya haraka. Koti la mtumba likifika kwa fundi hodari hutoka na umbo jingine, na la muhimu ni kama linamkaa aliyelivaa. Bwana Msa amekaa Unguja barabara. Fumbo lake halitegemei majivu ya sigara wala matope ya mitaa ya London. Linategemea nani alimwoa nani, nani mtoto wa nani, nani alinyamaza wakati wa kusema. Majina ya vitabu yenyewe yana ucheshi kabla jalada halijafunguliwa. Mke mmoja, waume watatu: mtu aliyezoea hesabu iliyo kinyume na hiyo hawezi kulipita jina hilo kimya. Na Kosa la Bwana Msa ni jeuri ya aina yake. Mwandishi anaweka kosa la shujaa wake nje, juu ya jalada, kama mwenye duka anayebandika bango kwamba mizani yake imewahi kudanganya.

Kipimo cha pili kinatoka hapo: nani anachekwa? Riwaya dhaifu huwachekesha wasomaji kwa mgongo wa mtumishi, mtu wa shamba, au mwenye lafudhi ya bara. Riwaya nzuri humcheka swahiba wa mpelelezi, kwa sababu swahiba ndiye msomaji. Anapobahatisha vibaya, na msomaji alikuwa amebahatisha vilevile. Iliyo bora kabisa humpa na mpelelezi mwenyewe zamu yake ya kuchekwa.

Jambo la mizimu linahitaji muda zaidi, na ndipo maoni ya wasomaji wa milimani na wa mjini yanapoachana kabisa. Mwaka 1929 padri Mwingereza aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, Ronald Knox, aliandika amri kumi za kazi hiyo, na mojawapo ilipiga marufuku nguvu zisizo za kibinadamu: muuaji asiwe jini. Abdulla anaitii amri kwa namna ya kuipiga chenga. Anaweka mzimu mlangoni, kwenye jina la kitabu, anamwacha msomaji atetemeke, kisha Bwana Msa anaingia na kuanza kuuliza habari za binadamu. Giningi nayo, kwa watu wa Unguja, ni makao ya wachawi. Mpelelezi anakwenda kutafuta kisima chake kama anayetafuta anwani ya posta.

Msomaji wa mjini huuona huo kuwa ucheshi wa daraja la juu: hofu inapigwa na hoja. Lakini wilaya ya Mwanga, ambamo Msangeni imo, ina misitu midogo mingi ya matambiko, iliyosalia kwa sababu wazee waliikataza mashoka. Aliyekua karibu na msitu wa namna hiyo, akijua mahali ambapo hata kuokota ukuni ni kesi, hasomi neno mzimu kwa kejeli. Kwake swali si kama mzimu upo. Swali ni nani amejificha nyuma yake, na huo ni upelelezi wa kweli, maana kila aliyewahi kuibia watu kwa jina la wahenga alitegemea kwamba hakuna atakayeingia kutazama. Msomaji huyo hacheki sana na anakipenda kitabu zaidi. Atakayemwambia hakukielewa, mwenyewe hakukielewa.

Upande wa shutuma nzito nao una haki yake. Wahakiki wa riwaya dhati, kama walivyopenda kuiita, waliiweka riwaya ya upelelezi kwenye rafu ya chini iitwayo pendwa, na kwa Bwana Msa walikuwa na swali gumu: kitabu kinatoka mwaka 1960, miaka minne kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar, kina mabwana wenye mashamba, na ukoloni uko wapi? Anayetaka kulipima swali hilo atafanya vizuri kukiweka kando yake Kasri ya Mwinyi Fuad cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka 1978, ambamo mashamba ya karafuu yanatazamwa kutoka upande wa mgongo unaofanya kazi. Tofauti inashtua. Hata hivyo, kumdai mcheshi awe mwanamapinduzi ni sawa na kudai makande yawe pilau. Dai la haki kwake ni dogo, na ni gumu zaidi: je, macho yake yaliona? Mwandishi anayemchora tajiri akiogopa siri ya ndoa yake amesema jambo kuhusu utajiri, hata asipohubiri.

Lugha ndiyo inayowagawa wasomaji kuliko chochote. Kiswahili cha Abdulla ni cha Unguja, kimejaa methali, masharti ya heshima na mizunguko ya baraza. Kwa mtu wa Ugweno, ambaye nyumbani huenda alikua na Kigweno au Chasu na Kiswahili kikamjia na shule, kurasa za mwanzo hupanda kama njia ya kutoka Mwanga mjini, kona baada ya kona. Wasomaji wa kwanza wa 1960 hawakuwa hata na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka 1981. Kipimo hapa ni masikio: mazungumzo yasomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakijui kitabu. Akiweza kusema nani anazungumza bila kutajiwa jina, mwandishi ameiva. Wahusika wote wakiwa na ulimi mmoja, ule wa mwandishi, ucheshi wote utakuwa wa mtu mmoja anayejichekesha.

Mashujaa wengine wa riwaya za Kiswahili, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, hawatakaa sana kwenye mizani hii. Ni mabingwa wa mbio na bastola, wana wasomaji wao waaminifu, na mzaha kwao ni kituo cha kupumulia kati ya hatari mbili. Gamba, tena, ni jasusi wa serikali. Kuwahukumu kwa uchache wa vicheko ni kuwaonea.

Swali linalobaki ni kama riwaya ya namna hii ingeweza kutungwa Msangeni kwenyewe. Ofisi ya mpelelezi wa binafsi huko ingekuwa kichekesho tosha. Mgeni akishuka kwenye gari asubuhi, kufikia mchana inajulikana ni wa nani, amefuata nini na amelala kwa nani. Siri ya kweli ya kijiji haiko katika kutojua. Iko katika watu wote kujua na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kusema, na mpelelezi wa hapo angehitaji subira ya mchungaji na ulimi wa mtani. Mwandishi atakayeliona hilo atakuwa na malighafi ya miaka.

Kwa sasa mnunuzi atategemea vitabu vilivyokwisha kuandikwa, na vingi hupatikana vikiwa vimepita mikono kadhaa. Kabla ya kutoa fedha afungue mwisho ahakikishe kurasa zimetimia. Riwaya ya mapenzi iliyochanika mwishoni bado inasomeka. Ya upelelezi, ikikosa kurasa nne za mwisho, itamrudisha kwa muuzaji, muuzaji atakana, mashahidi wataitwa, na bei ya ng'ombe siku hizi si mchezo.