Jiwe la Mpaka si Sanamu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wapo wahubiri wanaofundisha kwamba kila jiwe la kale lililosimamishwa ni katika ansab zilizokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90, basi na ling'olewe. Hoja hii ina kasoro ya lugha kabla ya kasoro ya fiqhi. Ansab ni vitu vilivyosimamishwa. Katika aya hiyo ni mawe ya ibada ya washirikina. Lakini kwa neno hilo hilo wanazuoni wa tarikh huyaita mawe ya mipaka ya Makka: ansabul Haram. Hayo Mtume (S.A.W.) hakuyavunja. Mwaka wa 8 Hijria, alipoifungua Makka na kuyaondoa masanamu, alimtuma Tamim bin Asad al-Khuzai ayatengeneze upya. Sayyidna Umar (R.A.) naye akayahuisha katika ukhalifa wake. Kwa hiyo hukumu hufuata kazi ya jiwe, si umbo lake.

Zaidi ya hayo, katika Sahihi Muslim, Sayyidna Ali (R.A.) amepokea kuwa mwenye kubadilisha alama za ardhi ni miongoni mwa waliolaaniwa. Alama ni shahidi wa haki ya mtu.

Sheria ya nchi nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye husubiri tangazo la Waziri. Nguzo za mipaka ya kikoloni, zilizofuata mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya 1886, zote zimeachwa nje ya ulinzi huo wa moja kwa moja.

Madhara tunayaona karibu. Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, iligombania mpaka na Kiteto kwa muda mrefu, na suluhu ikatafutwa katika Tangazo la Serikali Na. 65 la 1961. Ikiwa karatasi ya zamani ilikata shauri, vipi tudharau jiwe?

Enyi maimamu wa Kang'ata, ambako mkulima, mfugaji na mchimbaji dhahabu wa Magambazi wanapakana: lisemeni hili juu ya mimbari. Jiwe likiabudiwa, ikatazwe ibada. Likiwa la mpaka, liachwe mahali pake, na wazee waandike habari zake kabla hawajaondoka.

Wallahu a'lam.