Ufundi wa Kuitikia

Zaburi ya 136 ina mistari 26, na nusu ya pili ya kila mstari ni ile ile. Msomaji mwenye haraka huiruka: akishaambiwa mara tatu kwamba fadhili za Mungu hazina mwisho, anateremsha macho kutafuta habari mpya. Lakini zaburi hii haikutungwa isomwe kimya na mtu mmoja. Mmoja anataja, wengi wanaitikia. Anayetaka kuielewa aende Kamatanda, katika mji wa Likasi nchini Kongo, kwa wachimbaji wanaoitafuta shaba kwa sululu na koleo, akae benchi la nyuma kanisani Jumapili asubuhi, amsikilize mama anayeanzisha wimbo wa shukrani.

Niliyemsikiliza mimi hana sauti ya kusifiwa. Sauti yake imekauka, kama ya mtu aliyepulizia moto wa makaa miaka mingi. Ufundi wake uko katika kuchagua cha kutaja. Akisema kwa jumla tu kwamba Mungu ametubariki, watu wanaitikia, ila mwitikio unarudi mwepesi kama gunia lisilojaa. Akitaja kwamba mvua ya juzi haikubomoa shimo na vijana wote walipanda juu, nyumba nzima inasimama. Akataja homa iliyomtoka mtoto wa jirani. Akataja bukari, yaani ugali, ya jana, kwamba ilitosha na mgeni akala. Kila kitu kifupi, kila kitu kinajulikana na waliopo, na hakuna kilichotiwa chumvi. Anapima pumzi za watu, anawaachia nafasi, na hawakimbizi. Baba mmoja karibu nami alikuwa akiitikia kabla mama hajamaliza kutaja, kwa sababu habari ilikuwa yake.

Mtunzi wa zaburi alifuata njia hiyo hiyo. Anaanza juu kabisa, kwenye mbingu na mianga mikubwa, anashuka baharini, anapita jangwani, anawataja kwa majina wafalme wawili, Sihoni na Ogu, na karibu na mwisho anafika kwenye chakula cha kila chenye mwili. Kutoka jua hadi sahani! Ningekuwa nafundisha watu kuomba, ningewaonyesha mteremko huo kwanza.

Lakini mistari ya historia ya Likasi yenyewe ndiyo migumu kuimba. Mji huu uliitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, hadi 1966. Shaba yake iliitajirisha kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, kisha ikawa mhimili wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi. Shimo la Shinkolobwe, jirani tu hapo, lilitoa urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1992 watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, wengi wao wazaliwa wa hapa hapa, walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala kwenye kituo cha Likasi wakingoja treni, na wako waliokufa wakingoja. Kuanzia 2003, baada ya miezi mingi bila mshahara, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa kiasi fulani wakaenda zao. Baada ya mistari kama hiyo, mtu anaitikiaje?

Wapo wanaomhimiza maskini ashukuru ili anyamaze. Shukrani ya namna hiyo naikataa kwa moyo wangu wote, na naamini zaburi inaikataa pia. Inasema Mungu aliwakumbuka watu wake walipokuwa chini. Haijifanyi kwamba hawakuwa chini. Neno la Kiebrania tunalolitafsiri fadhili, hesed, limebeba ndani yake uaminifu wa agano, wa mtu aliyeahidi kubaki na akabaki. Kwa hiyo kumtumaini Mungu hapa Kamatanda hakumaanishi kuwa na hakika kwamba kesho shimo litatoa jiwe la kijani. Kunamaanisha kumwegemea Yeye ambaye hakuondoka treni ilipoondoka.

Wasidhani wasomi kwamba mawazo haya ni mazito kwa Kiswahili cha migodini. Mwaka 1953, huko Ruwe karibu na Kolwezi, padri Placide Tempels alikaa na wafanyakazi wa mgodi na wake zao, ikazaliwa Jamaa, harakati ya kiroho ya Kikatoliki; maneno yao makuu yalikuwa uzima, uzazi na mapendo, na kwa maneno hayo matatu watu wa shaba walijenga teolojia nzima.

Kitabu cha Ezra kinasimulia siku ulipowekwa msingi wa hekalu la pili. Waimbaji waliimba mwitikio ule ule wa fadhili zisizokoma, wengi wakapiga kelele za furaha, na wazee walioikumbuka nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, hata isijulikane ipi ni furaha na ipi ni kilio. Kila nikikifikia kifungu hicho naona jukwaa la kituo cha Likasi, na vifurushi vilivyofungwa kwa vitenge.

Jumapili ile, katikati ya wimbo, mama yule alifika mahali akafungua mdomo na asitaje chochote. Nilidhani amesahau. Kumbe nafasi ile ameiacha wazi kwa makusudi, kwa urefu ule ule wa mstari, ili kila mtu aweke pale asichoweza kukisema mbele za watu. Benchi la mbele mzee aliinamisha kichwa. Nafasi ilipoisha, nyumba yote iliitikia pamoja, kwa sauti nzito kuliko zote za asubuhi ile.

Kisha mama akavuta pumzi, akataja mvua.