Dhahabu, Risasi na Heshima ya Mtunzi

Desturi ya kuwaenzi watunzi mashuhuri kwa sarafu za dhahabu imeenea katika mataifa mengi, na si ajabu Mtanzania kutamani ianzishwe hapa kwetu. Tamanio hilo ni jema. Hata hivyo, sarafu ya kumbukumbu ni kazi ya sanaa, na kama kazi yoyote ya sanaa, haina budi kuhakikiwa: yasema nini, na yasema na nani?

Tutazame mfano wa Uingereza. Mwaka 2012, ilipotimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Charles Dickens, ilitolewa sarafu ya pauni 2 ambayo uso wa mtunzi umefumwa kwa majina ya vitabu vyake. Hapo msanii ametimiza wajibu wake, kwani atakaye kumwona Dickens hulazimika kusoma. Mwaka 2016, miaka 400 baada ya kifo cha Shakespeare, zikatolewa sarafu tatu: kofia ya chale kwa tamthilia za futuhi, taji na jambia kwa zile za historia, fuvu na waridi kwa tanzia. Ziko zilizofuliwa kwa madini ya kawaida zipite mikononi mwa watu, na ziko zilizofuliwa kwa dhahabu kwa ajili ya wakusanyaji. Hizi za dhahabu ndizo zitutiazo shaka. Sarafu isiyotumika haina tofauti na kitabu kisichofunguliwa.

Sisi nasi si wageni wa jambo hili. Mwaka 1974 ilitolewa sarafu ya Tanzania ya dhahabu, ya shilingi 1,500, yenye sura ya duma, kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Lakini sarafu ya shilingi 100 tuipokeayo sokoni hapa Mombo ina uso wa Mwalimu Nyerere, na uso huo, licha ya kuwa wa kiongozi, ni wa mfasiri wa Shakespeare. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri yake iliyotoka mwaka 1969, wachumba wa binti tajiri huchagua kati ya makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Afunguaye la dhahabu hukuta fuvu. Picha ya binti imo katika kasha la risasi.

Funzo hilo latuhusu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alitunukiwa akiwa hai nishani ya Margaret Wrong na ile ya MBE. Ni wanafunzi wangapi leo wazijuao nishani hizo? Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, wanakijua. Alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikachapishwa mwaka 1968. Kuchapishwa huko kulimpa uhai ambao nishani haikuweza kumpa.

Tuseme nini basi juu ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mwandishi wa Habari za Wakilindi? Kitabu hicho chasimulia watawala wa Vuga, katika milima hii iliyo juu yetu, nacho kilipigwa chapa upya Nairobi mwaka 1962. Wajukuu wa watu waliosimuliwa humo wamo madarasani mwetu. Heshima yake ya kwanza ni wao kukisoma.

Kwa hiyo hatupingi sarafu. Twashauri tu kwamba, ikitolewa, iwe ya madini ya kawaida, ichorwe majina ya vitabu, na gharama ya dhahabu igeuzwe kuwa chapa za bei nafuu kwa shule. Mwanafunzi wa Mombo arudishiwe chenji sokoni, asome juu yake jina la kitabu, kisha akikute kitabu hicho katika maktaba ya shule yake. Hapo mtunzi atakuwa ameheshimiwa.